Tulivyomfuata chui wa theluji hadi Ladakh

Chui wa theluji hatafutwi kwa miguu. Ukimfuata mlimani humfikii, kwa sababu yeye anakuwa amekuona zamani na ameshaondoka. Hutafutwa kwa macho. Unakaa mahali pamoja kwenye baridi, unaupekua mlima ulio mbele yako jiwe baada ya jiwe, kuanzia asubuhi hadi jua linapozama. Ndiyo maana mume wangu aliposema anataka kwenda kumwona, watoto wetu walinitazama mimi kwanza kabla ya kumjibu baba yao.

Mume wangu ameongoza watalii kwa miaka 27 huku kwetu kaskazini, kuanzia Tarangire hadi Serengeti. Macho yake ndiyo yaliyosomesha watoto wetu wanne. Alikuwa mtu wa kusimamisha gari ghafla na kusema, "Chui, mti wa tatu, tawi la kushoto," halafu wageni wanahangaika na darubini dakika tano nzima ndipo waone mkia unaoning'inia.

Miaka miwili iliyopita akaanza kugonga mlango kwa bega. Akawa anamwaga chai iliyowekwa kando ya mkono wake. Jioni moja alitaka kumkanyaga mjukuu aliyekuwa anatambaa pembeni yake. Tulipokwenda hospitali, wakampima na kusema ana presha ya macho, ugonjwa ambao madaktari huuita glakoma.

Kwa wasioujua, huu ni ugonjwa wa kimyakimya. Mara nyingi hauumi. Hula kwanza uwezo wa kuona pembeni. Katikati mtu anaona vizuri tu, anasoma gazeti, anahesabu hela, lakini kingo zinafifia taratibu hadi anakuwa kama anayeitazama dunia kupitia bomba. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone, ikitumiwa kila siku bila kuruka, husaidia kuzuia kisizidi kupotea.

Akaacha kuendesha wageni. Hakulalamika. Alifunga darubini zake kwenye mfuko na kuziweka juu ya kabati. Siku moja, katikati ya chakula, akasema, "Simba nimemwona mpaka amenizoea. Yule wa theluji nimeonyeshwa picha zake tu na wageni. Nataka nimwone wakati bado nina cha kumwonea."

Mtoto wetu wa pili, ambaye hajui kuzungushazungusha maneno, akamuuliza, "Baba, kama pembeni huoni, utamtafutaje mnyama mwenye rangi ya jiwe juu ya mlima wa mawe?"

Hakuna aliyejibu. Swali hilo tulisafiri nalo hadi India.

Fedha tulizipata kwa kuuza ng'ombe wawili, na watoto wakachangia kila mmoja alivyojaliwa. Daktari wa macho alitoa ruhusa baada ya vipimo, na akatushangaza kwa jambo moja. Vile vidonge ambavyo wapanda mlima wengi humeza kuzuia ugonjwa wa kimo ni dawa ambayo madaktari wa macho nao huitumia kushusha presha ya jicho. Alimwandikia kipimo chake, akasisitiza matone yasikosekane hata siku moja.

Nguo za baridi tulikodi Arusha, kwenye duka linalokodisha vifaa vya kupandia Kilimanjaro. Kijana wa duka akauliza, "Mzee, mnapita njia gani, Marangu au Machame?" Mume wangu akamjibu, "Njia ya Delhi."

Ladakh iko kaskazini kabisa mwa India, kwenye milima mirefu inayopakana na China na Pakistan. Chui wa theluji anaishi katika nchi 12 za Asia, kuanzia Afghanistan hadi Mongolia, lakini Ladakh ina wengi. Serikali ya India ilitangaza Januari 2024 matokeo ya sensa yake ya kwanza ya mnyama huyu: 718 nchi nzima, na 477 kati yao wako Ladakh.

Watu huenda wakati wa baridi kwa sababu theluji ikijaa vilele vya juu, mbuzi-mwitu wanaoitwa bharal hushuka kutafuta majani, na chui anayewala hushuka nyuma yao. Tena kuanzia Januari hadi Machi ndiyo majira yao ya kujamiiana, kwa hiyo wanatembea zaidi na kuacha alama zaidi.

Ndege kutoka Delhi hadi mji wa Leh huchukua zaidi kidogo ya saa moja. Leh iko kama mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hutembea siku mbili kufika kambi ya Horombo yenye mita 3,720, na mwili unapata muda wa kuzoea. Sisi tulifikishwa kimo kinachokaribia hicho kabla chai ya asubuhi haijatoka tumboni. Siku tatu za kwanza tulikunywa maji, tukalala, tukapanda ngazi za nyumba ya wageni kama wazee wa miaka tisini. Kichwa kiliniuma kama nimefungwa kitambaa kibichi kikaukia kichwani.

Siku ya nne tukaingia Hifadhi ya Taifa ya Hemis. Gari lilitufikisha lilipoweza, mizigo ikapakiwa kwenye farasi, na sisi tukatembea bondeni, kando ya kijito kilichoganda kama kioo, hadi kijiji cha Rumbak. Ni nyumba chache zilizosimama karibu mita 4,000, zenye kuta nene na kuni na majani makavu ya mifugo yaliyopangwa juu ya paa. Tulipokelewa na mama mwenye nyumba wa makamo. Kijana aliyekuwa mkalimani wetu alitufundisha kumwita "ama-le". Ama ni mama, na hiyo "le" ni heshima. Salamu yao ni "julley", na neno hilohilo ndilo asante, ndilo na kwaheri. Mume wangu alilipenda sana. Alisema lingempunguzia wageni wake maneno kumi ya kukariri.

Tulikula unga wa shayiri iliyokaangwa, unaokandwa kwa chai yenye siagi na chumvi. Chai hiyo mara ya kwanza ulimi unakataa, mara ya tatu mwili unaidai wenyewe. Usiku kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Jiko la bati katikati ya chumba lilikokwa kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe, na kila mmoja alipanda kitandani amekumbatia chupa ya maji ya moto. Matone ya mume wangu nililala nayo kifuani ili yasigande.

Asubuhi kazi ikaanza. Tulikuwa wageni sita na watafutaji watatu, wanaume wa vijiji vya jirani. Walijipanga juu ya tuta, wakasimika darubini zao za miguu mitatu, wakaanza kuupekua mlima wa upande wa pili. Mbali bondeni walikuwapo wenzao wawili wenye redio ya upepo. Mtu aliyekuwa na macho makali kuliko wote alikuwa mzee mfupi, uso umeungua kwa jua la theluji, ambaye ujana wake wote aliumaliza kuchunga mbuzi na kondoo kwenye mabonde yaleyale.

Katika ndoa ya miaka 31 sikuwahi kukaa na mume wangu kazini kwake. Nilizijua nguo zenye vumbi na simu za usiku kutoka Seronera. Pale nikaona kazi yenyewe. Alifundishwa hospitali kwamba asiyeona pembeni ageuze kichwa badala ya macho, akate kila anachokitazama vipande vipande. Basi aliukata mlima. Alianza juu kushoto, akashuka, akasogea kidogo, akapanda tena, kama mtu anayepalilia matuta. Watafutaji walimaliza mlima mzima yeye akiwa hajafika robo. Machozi yalimtoka kwa baridi, anajifuta, anaendelea.

Siku ya kwanza tuliona bharal. Siku ya pili tai na mbweha mwekundu. Siku ya tatu upepo na mawe. Mgeni mmoja alitukumbusha habari za mwandishi Peter Matthiessen, aliyekwenda Nepal mwaka 1973 pamoja na mtafiti wa wanyama George Schaller, akazunguka milimani kwa wiki nyingi, na kurudi bila kumwona chui wa theluji hata mara moja. Kitabu alichoandika kikawa maarufu duniani. Mume wangu akaniambia kwa Kiswahili, "Yeye alipata kitabu. Sisi tumeuza ng'ombe."

Tulicheka, lakini jioni hiyo hakula vizuri. Nilimjua. Mtu aliyekuwa akiwaonyesha wengine kwa miaka 27 sasa alikuwa mtu wa mwisho kuona kila kitu. Mbweha alipotajwa, wote walimwona, yeye alifika kwenye darubini mbweha ameshapita.

Usiku huo, tukiwa tumezunguka jiko, aliwasimulia wenyeji habari za chui wetu wa Kilimanjaro, yule aliyekutwa ameganda karibu na ukingo wa kreta na mchungaji wa Kilutheri Richard Reusch, mwaka 1926. Ama-le akauliza kupitia mkalimani, "Alikwenda kula nini huko juu?" Mume wangu akasema hilo ndilo swali ambalo kila mgeni aliyempeleka Moshi alimuuliza.

Naye ama-le akasimulia ya kwao. Zamani, alipoolewa katika nyumba ile, mazizi yalikuwa ya mawe na hayana paa. Chui wa theluji akishaingia ndani, mbuzi na kondoo wanaanza kukimbia ovyo, naye anaua anayepita mbele yake, mmoja baada ya mwingine, hata asioweza kuwala. Baba mkwe wake alifungua zizi asubuhi moja akakuta hakuna mnyama aliyesimama. Chui alikuwa bado yumo ndani, ameshiba, ameshindwa kutoka.

"Mlimfanya nini?" nikauliza.

Mkalimani hakutafsiri mara moja. Halafu akasema, "Anasema, ungekuwa wewe ungefanya nini?"

Mambo yalianza kubadilika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Taasisi ya uhifadhi ya chui wa theluji iliyoanzishwa na Mmarekani Rodney Jackson, ambayo kazi yake ya Ladakh iliongozwa na Rinchen Wangchuk, mzaliwa wa hukohuko, ilisaidia wanakijiji kuezeka mazizi kwa wavu wa waya na kuweka milango imara. Pamoja na hilo wakaanzisha utaratibu wa wageni kulala majumbani badala ya kupiga kambi, kwa zamu, ili nyumba moja isinenepe wakati nyingine inalala njaa. Fedha ya chumba na chakula huingia mikononi mwa akina mama. Ama-le alisema kwa fedha hiyo mwanawe amesoma hadi chuo.

"Sasa mnampenda chui?" mume wangu akauliza.

Alicheka. "Bado anakula. Ila siku hizi na sisi tunakula kwake."

Mume wangu akamweleza kuhusu Richard Turere, kijana wa Kimasai wa Kenya, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ambaye akiwa mtoto wa miaka 11 alifunga taa za kumetameta kuzunguka zizi la baba yake, kwa betri ya gari na vipuri vya pikipiki, ili simba wadhani kuna mtu anatembea na tochi. Mzee mtafutaji alisikiliza kwa makini sana. Aliuliza rangi ya taa, urefu wa kuzifunga, na kama simba hawakuzizoea baadaye. Wawili hao waliongea hadi jiko likazima, kijana wa watu akitafsiri huku anasinzia.

Kuanzia asubuhi iliyofuata walikaa pamoja. Mzee alisimika darubini yake jirani na ya mume wangu, ingawa hawakuwa na lugha moja.

Mchana wa siku ya tano, mume wangu alikuwa amelitazama kundi moja la bharal kwa muda mrefu. Akamgusa mzee begani. Kwa vidole akamwonyesha: wote wamesimama, hakuna anayekula, vichwa vyote vimeelekea korongo moja. Ni elimu ileile ya Serengeti. Swala wote wakitazama upande mmoja, usiwatazame swala. Mzee akageuza darubini kwenye korongo na kulikagua hadi giza. Hakukuwa na kitu. Kesho yake vijana walipopita huko walikuta nyayo mpya kwenye theluji, pana, zisizo na alama ya kucha. Redio ya upepo ilipoleta habari hiyo, mzee alimtazama mume wangu, akatikisa kichwa mara moja tu, kama fundi anavyomkubali fundi mwenzake.

Chui mwenyewe alipatikana siku ya saba, na aliyempata ni yule mzee, mahali pengine kabisa. Aliona kunguru wanatua na kuruka juu ya jabali, wanatua na kuruka tena. Alipotazama chini yake akakuta bharal ameuawa. Alipotazama pembeni ya mzoga akasema neno moja dogo, "Shan." Ndilo jina la chui wa theluji kwa lugha yao.

Wageni walikimbilia darubini. Mzee aliinua mkono kuwazuia. Akamwita mume wangu kwanza.

Hapa ndipo nilipoelewa kitu ambacho hata daktari hakuwa amekisema. Darubini kubwa haina pembeni. Kila anayeitazama, mzima na mgonjwa, anaona duara dogo la katikati na giza kulizunguka. Na katikati ndiko mume wangu alikobakiwa na macho yake. Kulitafuta duara hilo kwenye mlima mzima hangeweza. Likishawekwa sawa na mtu mwingine, hakuna aliyemzidi.

Aliinama. Akanyamaza. Mikono yake, ambayo haikutetemeka hata siku tembo alipobonyeza boneti ya gari lake, ilikuwa inatetemeka.

"Yupo," akasema. "Mama, yupo. Amelala ubavu. Mkia ameukunja mbele ya miguu kama blanketi. Ana damu kidevuni."

Nilipoinama mimi, kwanza niliona jiwe. Halafu jiwe likapiga mwayo.

Ni mdogo kuliko nilivyofikiri, mdogo kuliko dume la chui wetu, lakini manyoya yanamjaza. Mkia ni mrefu karibu kama mwili wake. Haungurumi kama simba, na pale hakutoa sauti yoyote. Alikuwa mbali, labda kilomita moja, na hakutujali hata kidogo. Tulipeana zamu kwa zaidi ya saa mbili. Mume wangu, kila zamu yake ilipofika, alianza kusimulia bila kuombwa: sasa atahama kivuli, sasa atarudi kula, tazama sikio, kuna ndege amemsumbua. Wageni wengine wakamwomba aseme kwa Kiingereza. Akasema. Kwa muda ule alikuwa kazini.

Baadaye alimwendea mzee, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema julley. Mzee akajibu julley. Hapo neno moja lilitosha kweli.

Tukirudi kijijini jioni, ananitangulia hatua mbili kwenye njia ya barafu, aliniambia, "Unajua, miaka yote nilikuwa nawahurumia wageni. Nilidhani anayeonyeshwa anaona nusu. Kumbe anaona kamili."

Sikumjibu. Pumzi za kupandia na kuongea pamoja sikuwa nazo.

Tumerudi nyumbani mwezi wa nne sasa. Macho yake hayajapona wala hayatapona, na kila asubuhi na jioni anaweka matone. Glakoma hutembea katika familia, kwa hiyo daktari alitaka ndugu zake na watoto wetu wote wapimwe. Safari hii baba yao ndiye aliyewapeleka, mmoja mmoja, hata aliyesema hana muda. Mtoto wetu wa pili, yule wa swali gumu, amekutwa presha ya macho yake imepanda. Hajapoteza chochote bado. Ameanza dawa. Msomaji, kama umevuka miaka 40, au kuna mtu katika ukoo wenu aliyepoteza uwezo wa kuona na mkasema ni uzee tu, nenda ukapime. Ni kipimo kifupi na hakiumi.

Kilichobadilika ndani ya nyumba ni kidogo, lakini mimi nakiona. Zamani, tangu aanze kuugua, alikuwa radhi ajikwae kuliko kuuliza. Sokoni alitembea mbele peke yake, akigonga watu na kuomba radhi. Jumamosi iliyopita tulifika Kilombero, soko limejaa, mikokoteni inapita huku na huku. Alisimama, akanipa kiwiko chake, akasema, "Mama, upande wa kushoto kuna nini?"

Nikamwambia: "Mkokoteni wa ndizi, unakuja. Subiri. Haya, umepita."

Tukaenda zetu kununua nyanya.